Gitaa la Pank Chini ya Mabati ya Migosi

Bendi changa ya hapa Migosi imeniletea swali ambalo kwa miaka mingi sikudhani litaulizwa Kisumu: pikapu gani, kile kifaa cha sumaku na waya kinachopokea mtetemo wa nyuzi za gitaa la umeme, inafaa kwa pank? Mpiga gitaa wake ni binti wa kaka yangu, na wenzake ni majirani waliokua pamoja kati ya Migosi na Kondele. Wanapiga pank ya aina ile yenye mahadhi matamu, ya kuimbika, ambayo Wamarekani wa miaka ya tisini waliieneza duniani. Maneno lakini ni ya hapa: kodi ya nyumba, polisi wa usiku, mapenzi, maji ya mfereji yanayokuja watu wakiwa wamelala. Binti amejiwekea akiba, na muuzaji mmoja wa Nairobi amempa orodha ya pikapu zilizopangwa kuanzia ile dhaifu hadi ile kali kabisa, bei ikipanda pamoja na ukali.

"Shangazi, si ninunue tu hii ya mwisho?" aliniuliza.

Nilimwambia asubiri kidogo. Pikapu moja mpya ya jina kubwa huuzwa kama dola 100 huko inakotengenezwa, yaani zaidi ya shilingi 12,000 kabla ya nauli na ushuru, na hizo ni pesa za kufikiria mara mbili. Pesa hata hivyo siyo hoja yangu kubwa. Orodha ile imepangwa kana kwamba pank ni mashindano ya nguvu, na mimi nimeishi na magitaa ya umeme muda wa kutosha kuamini kwamba pank ni muziki wa maneno. Pikapu inayomfunika mwimbaji imeiharibu kazi, hata iwe kali namna gani. Jambo hili nililipata kidogo kidogo, nikianzia kwa fundi mmoja wa redio pale sokoni Kibuye.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa msichana wa sekondari na mpiga gitaa la kanisa letu. Wakati huo wasichana waliimba, magitaa yalikuwa ya wavulana. Nilipata nafasi kwa sababu aliyekuwa akilipiga alihamia Mombasa kutafuta kazi, na hapakuwa na mwingine aliyezijua nyimbo zote. Gitaa lenyewe lilikuwa kuukuu, halina jina kichwani, lina pikapu tatu nyembamba. Jumamosi moja likakata sauti katikati ya mazoezi. Mchungaji akanipa nauli, nikalifunga kwa leso, nikalipeleka sokoni.

Fundi yule alikuwa akitengeneza redio na pasi pembeni mwa soko. Hakuwa amewahi kufungua gitaa, na alinieleza hivyo waziwazi. Alilichomeka kwenye redio ya kaseti aliyokuwa nayo mezani, akachukua bisibisi ndogo, akawa anagusa kwa ncha yake pikapu moja baada ya nyingine huku akisogeza swichi. Mbili zilijibu kwa mlio mfupi. Ya tatu, ile ya karibu na daraja ambako nyuzi zinaishia, haikujibu kitu. Akaifungua, akanionyesha: sumaku ndogo sita, moja chini ya kila uzi, zimezungushiwa waya ya shaba nyembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko, na pale waya inapotokea nje ilikuwa imekatika. Akailehemu kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.

Kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama pale, akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mtu aliyewahi kuniletea gitaa. "Binti yangu, kitu hiki hakina nguvu yake. Kinapokea tu. Chuma kikitetemeka mbele ya sumaku, waya inapata umeme mdogo sana, basi. Ukitaka ipokee zaidi, ongeza waya. Lakini ukiongeza waya, sauti zile nyembamba zitafia humo ndani."

Alikuwa akisema kwa ujuzi wa koili za redio, na alisema kweli tupu. Stratocaster ya Fender, gitaa lililotoka mwaka 1954 na ambalo lile la kanisa letu liliiga umbo lake, ina pikapu zenye mizunguko kama 8,000 ya waya yenye unene wa milimita 0.063 hivi. Sauti yake ni angavu kwa sababu waya si nyingi mno. Ukiizidisha mizunguko, pikapu inatoa umeme mwingi zaidi na ampu inakoroma upesi zaidi, lakini mlio unashuka, unajaa katikati, na makali ya juu yanapungua. Hakuna nyongeza isiyo na upungufu. Muuzaji aliyeipanga orodha yake kwa ukali ameandika kile kinachoongezeka, na kile kinachopungua hakukitaja.

Kitu kingine nilichoondoka nacho Kibuye ni mahali. Pikapu husikia uzi pale tu ilipo. Karibu na shingo uzi unatikisika kwa upana, na sauti ni ya mviringo. Karibu na daraja unatikisika kidogo, na sauti ni kali, ya haraka, inayouma. Wapiga pank karibu wote husimama pale darajani. Pikapu ya kanisa iliyokatika ilikuwa ndiyo hiyo, na iliporudi nilielewa kwa nini nyimbo za shangwe zilikuwa zimepooza bila mimi kujua sababu.

Nyumbani baba alikuwa na santuri za Shirati Jazz, bendi ya benga. Kiongozi wake, D.O. Misiani, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, akaja kuwa sauti ya watu wa pande zote mbili za mpaka, hadi ajali ya barabarani ilipomuua hapa Kisumu mwaka 2006. Nyimbo zake za siasa zilimpeleka mikononi mwa polisi zaidi ya mara moja. Santuri za benga zilizotayarishwa na Oluoch Kanindo miaka ya sabini zilifika mbali mno, hata Zimbabwe muziki huo ukaitwa kanindo. Jioni, muziki uleule ulitoka kwenye baa za Kondele ukanikuta barabarani, maana ndani sikuruhusiwa.

Nilikuwa nikisikiliza gitaa la solo. Wapiga benga wa kwanza walichukua namna ya kupiga nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, wakaihamishia kwenye gitaa. Kila noti inadonolewa, inasimama peke yake, inakwisha kabla ya nyingine kuanza. Mwimbaji akiimba, gitaa linampa njia. Akimaliza kifungu, linamjibu. Kuelekea mwisho sauti za watu zinakoma, besi na ngoma zinashika kasi, magitaa yanapanda, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Kwa sikio langu hiyo ilikuwa sauti ya pikapu ya koili moja karibu na daraja, kavu, yenye ncha, kila uzi ukisikika mbali na mwenzake.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanaambiwa kwamba pank ni kitu cha kigeni na kwamba lazima waitafute sauti yake ughaibuni. Muziki wa kasi, wa magitaa mawili, wa maneno yanayomchoma mkubwa, tuliukuta tayari umeketi ukingoni mwa ziwa hili. Tofauti ni distoshoni, ule mkoromo wa gitaa lililosukumwa kupita kiasi. Na distoshoni ndiyo inayoleta matatizo yote ya kuchagua pikapu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa chuoni Nairobi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na kaseti ya Dookie ya Green Day, albamu ya mwaka 1994, na aliicheza asubuhi, mchana na usiku. Vidole vimeshika nyuzi mbili tatu nene, mkono wa kulia unashuka, unashuka tena, haupumziki, na juu yake wimbo ambao hata mtoto angeufuata. Tuliunda bendi. Mimi nilikuwa na gitaa lenye pikapu za koili moja, mfano wa lile la kanisani, nililolinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa katika ukumbi wenye taa za rangi na waya za umeme ambazo hakuna aliyejua zilivyopita ukutani. Nilipokanyaga pedali ya distoshoni, kabla sijagusa uzi wowote, mngurumo ulijaa chumba. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Koili moja huuokota hewani bila kuchagua, na sehemu kubwa ya unachosikia ni hezi 100, ambazo zimekaa karibu kabisa na noti ya G, uzi mnene, freti ya tatu. Kwa hiyo tulikuwa na mpigaji mwingine jukwaani ambaye hatukumwalika, anayeshikilia G tangu mwanzo mpaka mwisho, hata wimbo uwe wa F. Nilipogundua kwamba nikijigeuza upande wa mlango mngurumo unapungua, nilipiga onyesho lote nikiwapa watu bega.

Tatizo hilo lilikuwa limepata dawa zamani. Mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, Seth Lover, aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu yenye koili mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, sumaku zao zikielekezwa kinyume na waya zao zikiunganishwa kinyume. Mngurumo wa hewani unaingia koili zote mbili na kujifuta wenyewe. Mtetemo wa uzi unaingia na kujumlika. Pikapu hiyo iliwekwa kwenye gitaa la Gibson la Les Paul mwaka 1957, na hataza ikatolewa mwaka 1959. Ndiyo hambaka. Lover alikuwa akitafuta utulivu, hakuwa akitafuta kelele. Lakini koili mbili zilitoa sauti nene na yenye nguvu, ambayo ikisukumwa kwenye ampu inapasuka kwa uzuri, na watu wa roki wakaikumbatia. Mwaka 1972 Larry DiMarzio akatoa Super Distortion, hambaka yenye nguvu zaidi ya zile za kiwandani, iliyouzwa peke yake ili mtu aiweke mwenyewe kwenye gitaa lake. Tangu hapo imezaliwa biashara nzima ya pikapu za kubadilisha, na orodha ya binti wa kaka yangu ni mjukuu wake.

Kwa onyesho lililofuata rafiki aliniazima gitaa lenye hambaka moja kali sana, ya sumaku za seramiki. Nililichomeka, nikakanyaga pedali. Kimya. Nilipopiga, ukuta wa sauti ukasimama. Tulifurahi kupita kiasi jioni ile. Baada ya kushuka, dada mmoja aliyesimama mbele kabisa muda wote alitufuata kutupongeza, akamuuliza mwimbaji wetu kwa unyenyekevu tulikuwa tukiimba lugha gani. Tulikuwa tukiimba Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwimbaji wetu aliandika maneno yake kwa siku nyingi. Mmoja wa nyimbo zile ulikuwa juu ya mama yake, aliyefutwa kazi kiwandani baada ya miaka ya utumishi. Niliona uso wake alipoulizwa. Kwa hiyo tuliporudi ukumbini kwa mazoezi tulimweleza fundi wa mitambo, mzee mtaratibu aliyekuwa amehudumia bendi za rumba. Hakugusa mitambo yake. Alipanda jukwaani na bisibisi, akazilegeza skrubu mbili za pembeni mwa pikapu mpaka ikashuka, ikawa mbali zaidi na nyuzi, kama milimita tatu hivi upande wa uzi mnene. Akapunguza distoshoni kwenye pedali chini ya nusu. "Sasa piga," akasema. Nilihisi nimenyang'anywa kitu. Kisha mwimbaji akaimba, na nikasikia kila neno, na gitaa lilikuwa bado lina hasira.

Alichokifanya mzee yule kina sababu zake. Konsonanti zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno hukaa hasa kati ya hezi 1,000 na 4,000. Gitaa lenye distoshoni nyingi hujaza eneo hilo hilo, na kwa kuwa halipumui, halimwachii mwimbaji hata mwanya mmoja. Pikapu kali inaongeza mchanganyiko kabla hata pedali haijaguswa. Nyuzi mbili zikipigwa pamoja zinasagika kuwa kitu kimoja. Kwa muziki wa metali, ambako mwimbaji ananguruma na rifu ndiyo hadithi, hilo ni jambo jema. Kwa pank ya kuimbika, ambako kijana aliye nyuma ya ukumbi anatakiwa aimbe kiitikio pamoja nawe mara ya kwanza anapokisikia, ni hasara.

Baadaye nilianza kuchunguza wale wenyewe walikuwa wakipigia nini, na nikashangaa. Johnny Ramone wa Ramones alinunua Mosrite yake mwaka 1974 kwa dola hamsini na kitu, kwa sababu ndiyo aliyoweza kuilipia. Pikapu zake zilikuwa za koili moja. Mick Jones wa The Clash, siku za mwanzo, alipiga Les Paul Junior, gitaa lililotengenezwa kwa wanafunzi, lenye pikapu moja tu, P-90, koili moja nene ambayo Gibson walianza kuitumia mwaka 1946. Steve Jones wa Sex Pistols alikuwa na Les Paul Custom nyeupe yenye hambaka. Billie Joe Armstrong wa Green Day alikuwa na gitaa la Fernandes la mfano wa Stratocaster, alilokuwa nalo tangu utotoni, na pale darajani akaweka hambaka ya Seymour Duncan iitwayo JB. Tom DeLonge wa Blink-182 alikwenda mbali zaidi: Stratocaster iliyotolewa kwa jina lake mwaka 2001 ina hambaka moja, Invader, na kitufe kimoja cha sauti, basi.

Koili moja, P-90, hambaka ya kawaida, hambaka kali, hambaka kali kupita zote. Zote zimo, na zote ni pank bila shaka yoyote. Mtu akisema kuna pikapu ya pank, muulize ya nani. Nikiwatazama hawa naona mambo mawili wanayokubaliana: wanapiga karibu na daraja, na mkono wa kulia ni mgumu. DeLonge alifanikiwa na Invader kwa sababu bendi yake ilikuwa ya watu watatu tu; hakukuwa na gitaa la pili la kugombana nalo, na waimbaji wawili walipokezana kwa sauti za juu zinazopenya. Bendi ya Migosi ina magitaa mawili na mwimbaji mwenye sauti ya chini, ya kifua.

Nilirudi kuishi Migosi na kuweka meza ya ufundi nyuma ya nyumba. Watu wananiletea magitaa ya makanisa, ya bendi za ohangla na rumba, na siku hizi ya vijana wa roki. Meza hiyo imenifundisha mambo ambayo orodha za wauzaji hazina.

La kwanza ni omu. Wauzaji huandika upinzani wa waya kwa kilo-omu, na wanunuzi huusoma kama kipimo cha nguvu. Hambaka ya kizamani ya Gibson huwa na kilo-omu 7.5 hadi 9. JB ina 16 na ushee, na Invader vilevile 16 na ushee. Ukisoma namba tu, JB na Invader ni pacha. Ukizisikiliza, si pacha hata kidogo: JB ina sumaku ya alniko, ni ya kati na ya juu, inakata, Invader ina sumaku tatu za seramiki na chini yake ni nzito mno. Tena waya ikiwa nyembamba zaidi, omu zinapanda hata mizunguko isipoongezeka sana. Namba ile inakusaidia kujua kama waya imekatika. Fundi wangu wa Kibuye angeitumia hivyo hivyo.

La pili ni poti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti. Desturi ni kilo-omu 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka, kwa sababu poti ndogo inamwaga makali ya juu chini kwenye ethi. Nimefungua magitaa mengi ya bei nafuu yenye hambaka iliyofungiwa poti ya 250, na mwenyewe analalamika kwamba pikapu yake ina matope. Poti mpya ni shilingi mia kadhaa. Hata waya ya kuunganisha gitaa na ampu inahusika: ikiwa ndefu mno na ya hali duni, nayo inakula makali. Kijana anaweza kutumia maelfu kununua mwangaza ambao alikuwa nao tayari, umefungwa tu mahali.

La tatu ni ziwa. Unyevu wa Kisumu unaotesha kutu kwenye nyuzi, kwenye tundu la kuchomeka na kwenye skrubu za pikapu. Uzi wenye kutu hautetemeki sawasawa, na sumaku haiwezi kukupa usichokuwa nacho. Na mchana wa mvua, radi zikianza kutembea kutoka upande wa Nandi, stima inayumba kabla haijapotea, na koili moja inakutolea yote hayo kama sauti. Hapo natetea hambaka bila kusita. Mpiga gitaa wa hapa ana sababu ya kuihitaji ambayo mwenzake mwenye ukumbi uliofungwa umeme vizuri hana.

Siwezi kuzungumzia maneno bila kuwataja Crystal Axis wa Nairobi, bendi ya pank ya Kiafrika iliyotoa wimbo Leopold, juu ya mfalme wa Ubelgiji na damu ya Kongo, na mwingine uitwao Nyayo House, jumba ambalo chini yake Wakenya waliteswa miaka ya themanini. Nyimbo za namna hii hazina maana yoyote zikisikika nusu. Na wapo waliounganisha roki na benga kabla yetu. Extra Golden, kundi la wapiga roki wa Washington na wapiga benga wa Kenya, lilitoa albamu yake ya kwanza, Ok-Oyot System, mwaka 2006. Humo utasikia magitaa yakikoroma na kudonoa bila mmoja kummeza mwingine.

Kwa hiyo nilimwambia binti tusianzie dukani. Wanafanyia mazoezi katika gereji ya jirani, kuta za matofali, mabati juu bila dari. Mabati hurudisha sauti za juu mara moja, kwa hiyo kila kitu humo ndani kinasikika kikali kuliko kilivyo, na mpigaji anajibu kwa kuongeza chini na distoshoni mpaka anapotea. Tulitundika mablanketi mazito upande mmoja. Nikaweka simu mlangoni irekodi, siyo karibu na ampu, maana msikilizaji hasimami karibu na ampu. Wakapiga wimbo wao juu ya kodi ya nyumba.

Tuliposikiliza, mama mwenye gereji alikuwa amekuja kuchukua ndoo yake. Nikamwomba atuambie wimbo unahusu nini. Alisema alisikia neno "landilodi", basi, mengine hakuyapata. Hapo binti alikuwa akitumia pikapu yake ya sasa, hambaka ya kiwandani ambayo binti anaiita dhaifu. Nikaishusha. Nikabadilisha poti, ilikuwa ya 250 kama nilivyotarajia. Nikamwomba mpiga gitaa wa pili aache kupiga kile kile anachopiga binti, apande juu shingoni, adonoe nyuzi nyembamba kwa mtindo wa benga bila distoshoni kabisa. Tukarekodi tena. Safari hii mama alisimama na ndoo yake mpaka mwisho, akacheka palipostahili, akasema mwenye nyumba wake wa zamani alikuwa hivyo hivyo.

Binti bado anataka pikapu mpya, na sasa naona anastahili, kwa sababu anajua anatafuta nini. Ile ya kiwandani, hata baada ya marekebisho, inazubaa: ukiipiga kwa nguvu na ukiipiga kwa upole inajibu namna moja, na mkono wake wa kulia una mengi ya kusema. Tumekubaliana iwe hambaka ya alniko, kilo-omu 8 au 9, siyo 16. Tumekubaliana iwe na waya nne zinazotoka, siyo mbili, ili nimfungie swichi ya kuzima koili moja. Pale mwisho wa wimbo, bendi inapoongeza kasi na yeye anataka kudonoa pamoja na mwenzake, ataivuta swichi hiyo, gitaa litakuwa jembamba na angavu, na akiirudisha atakuwa na hambaka yake tena. Mngurumo utarudi kwa zile sekunde chache, na ngoma zitaufunika.

Tusichokubaliana ni pikapu ya shingoni. Anataka niing'oe na kuziba tundu, abaki na moja darajani na kitufe kimoja, kama DeLonge. Ananiambia kikiwepo kitu cha kugusa, atakigusa. Namwelewa, hoja ni nzuri, na gitaa la namna hiyo lina heshima yake. Mimi namwambia aiache, kwa sababu anaandika wimbo wa polepole juu ya bibi yake, mama yangu, na nimemsikia akiutafuta kwa nyuzi nene karibu na shingo, ambako hambaka ya darajani haifiki. Anasema ataupiga kwa gitaa lisilo la umeme. Nimemuuliza atayabeba vipi magitaa mawili kwenye boda. Jana jioni amerudi na jibu lake, na bado hatujamaliza.